Je, dawa ya sonona inaweza kumpunguzia unene mwenye kisukari?

Jumapili moja mwezi wa saba mama mkubwa alinipigia simu kutoka Sumbawanga. Tukamaliza shikamoo na marahaba, tukaongea kidogo kuhusu baridi (Julai ya Ufipa si ya mchezo, unaoga maji ya moto na bado unatetemeka), kisha akasema lililomfanya apige.

"Mwanangu, wewe si umesomea mambo ya dawa? Kuna kidonge cha watu wenye mawazo mengi, naambiwa ukimeza unapungua mwili. Jirani yangu kaletewa na binti yake kutoka mjini, na mimi kanigawia kumi. Nikianza leo kuna ubaya?"

Nikamwomba anisomee maandishi yaliyo nyuma ya vidonge. Ilikuwa fluoksetini, dawa ambayo Ulaya na Marekani imejulikana zaidi kwa jina la Prozac.

Sasa, mama mkubwa ana miaka 58. Amekaa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka tisa na mara ya mwisho kliniki alipimwa kilo 91. Anameza metfomini na glibenklamidi. Usiku anameza kidonge kingine kidogo "cha miguu", kwa sababu nyayo zake huwaka moto akilala. Nilimwambia asimeze hata kimoja kati ya vile kumi mpaka nimpigie tena. Mimi nimesoma famakolojia, yaani jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini; si daktari wa kutibu. Lakini nilichokijua kilitosha kunitia wasiwasi.

Makala hii ndiyo jibu nililompa, nikiwa nimelirefusha kidogo kwa ajili yako wewe ambaye huenda una mama mkubwa wako.

Jibu fupi kwanza

Ndiyo, baadhi ya dawa za sonona hupunguza uzito. Hupunguza kilo chache, mara nyingi kwa miezi michache tu. Baadhi yake huongeza uzito, tena ndizo zinazotumika sana kwetu. Na kwa mtu mwenye kisukari anayemeza dawa nyingine tayari, kuongeza kidonge cha sonona bila daktari kujua kunaweza kumfikisha hospitali usiku.

Twende hatua kwa hatua.

Unene Rukwa? Ndiyo, Rukwa

Ukitaja mkoa wa Rukwa kwenye mazungumzo ya lishe, watu hufikiria udumavu, na wana sababu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Haya yanatokea kwenye mkoa unaovuna mahindi kiasi cha kulisha mikoa mingine.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha upande mwingine wa nchi. Kati ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, kama 36 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa 28. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa, wote wakila ugali wa sufuria moja.

Mambo haya mawili yana uhusiano. Tafiti nyingi tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili akiwa mtu mzima, hasa kama atanenepa baadaye. Mwili uliozoea uhaba tangu tumboni unapata shida chakula kinapokuwa kingi.

Na kisukari chenyewe? Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty na wenzake, waliopima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu 9 katika kila 100 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Tafiti hizo hazikutumia njia moja wala umri mmoja, kwa hiyo usije ukasema kisukari kimeongezeka mara kumi kamili. Lakini mwelekeo unaonekana.

Bibi yangu alilima kwa jembe la mkono, akiinua matuta ya intumba, yale ya Kifipa ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze ziwe mbolea. Kazi ile peke yake ilikuwa mazoezi ya mwaka mzima. Mama mkubwa anauza duka. Anakaa tangu asubuhi, akienda sokoni anapanda bodaboda, na chai yake ina vijiko vinne vya sukari, au ilikuwa nayo. Tena kwa miaka mingi mtu akinenepa aliambiwa amenawiri, na akikonda watu walinong'ona kuhusu ule ugonjwa. Nani angetamani kupungua?

Dawa ya mawazo inahusikaje na tumbo?

Dawa za sonona na uzito vimekuwa pamoja tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi. Ilitegemewa iue vijidudu. Madaktari wakashangaa kuona wagonjwa wanachangamka, wanacheka wodini, wanakula na kuongezeka uzito. Dawa hiyo ya kifua ikaja kuwa mojawapo ya dawa za kwanza za sonona duniani.

Sababu ni kwamba ubongo hauna chumba cha huzuni kilichotengwa na chumba cha njaa. Kemikali zile zile hubeba ujumbe wa aina zote mbili. Mojawapo ni serotonini. Chembe moja ya neva huimwaga serotonini ili kuiambia jirani yake jambo, kisha huifyonza tena kuirudisha ndani. Fluoksetini huziba ule mlango wa kufyonza, kwa hiyo serotonini hukaa nje muda mrefu zaidi na ujumbe wake husikika zaidi.

Kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, mmoja wa ujumbe wa serotonini ni "imetosha, umeshiba". Ndiyo maana mtu anayemeza fluoksetini anaweza kuacha ugali katikati. Lakini sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, na ndiyo maana pia wengi huanza na kichefuchefu. Baadhi ya kilo zinazopungua wiki za mwanzo ni za mtu ambaye hajisikii vizuri kula.

Dawa nyingine zinavuta upande wa pili. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, huziba vipokezi vya kemikali iitwayo histamini. Histamini ya ubongoni hutuweka macho na hutuliza njaa. Ukiziba vipokezi vyake unapata usingizi, na unapata hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vya wanga. Kwa hiyo kusema "dawa za sonona" kana kwamba zote ni kitu kimoja ni sawa na kusema "dawa za shamba" bila kutofautisha mbolea na kiua magugu.

Majaribio yalionyesha nini?

Fluoksetini iliruhusiwa Marekani kutibu sonona mwaka 1987. Watafiti walishaona kwamba watumiaji wengine wanapungua, wakaanza kuijaribu kwa ajili ya uzito wenyewe, kwa dozi ya miligramu 60 kwa siku. Dozi ya kawaida ya kuanzia kwenye sonona ni 20. Kumbuka hilo: matokeo utakayosikia yalipatikana kwa vidonge vitatu, si kimoja.

Kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wanasayansi wanaokusanya na kupima ubora wa tafiti, ulichapisha mapitio mwaka 2005. Waliopewa fluoksetini walipungua kama kilo 5 zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, baada ya takriban miezi sita. Tafiti zenyewe zilikuwa chache na ndogo. Ukiishia hapo unaweza kushangilia.

Mwaka 2019 Cochrane wakachapisha mapitio mapya kuhusu fluoksetini kwa watu wazima wenye uzito mkubwa kwa ujumla, wenye kisukari na wasio nacho. Tafiti 19, watu 2,216. Tofauti ikashuka hadi kilo 2.7, na waandishi wakasema wazi kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Waliopewa dawa walipata kizunguzungu, usingizi wa mchana, uchovu, kukosa usingizi usiku au kichefuchefu karibu mara mbili ya wenzao.

Je, kilo hizo hubaki chini? Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1994 lilifuatilia zaidi ya watu 400 kwa mwaka mzima. Miezi ya mwanzo wenye fluoksetini walikuwa mbele. Kufika wiki ya 52 tofauti ilikuwa imeyeyuka, wakati dawa bado wanaimeza. Mwili unapopungua hujitetea: homoni za njaa hupanda na matumizi ya nguvu hushuka. Ubongo nao huizoea ile serotonini ya ziada. Fluoksetini haijawahi kuruhusiwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene, na sasa unaelewa kwa nini.

Ile iliyopendwa, ikaondolewa

Kuna dawa nyingine iliyopita njia hii, na historia yake inafaa kujulikana kwa sababu bado inazunguka mitaani. Sibutramini ilitengenezwa na kampuni ya Boots ya Uingereza miaka ya 1980, ikikusudiwa kuwa dawa ya sonona. Kwenye sonona haikufaulu, lakini waliojaribiwa walipungua uzito. Mwaka 1997 ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya unene, ikatumiwa na mamilioni.

Kisha likafanyika jaribio kubwa, SCOUT, kwa watu karibu 9,800 wenye miaka 55 na kuendelea. Walikuwa na ugonjwa wa moyo, kisukari cha aina ya pili, au vyote viwili. Yaani ndio watu hasa ambao tungetamani wapungue. Waliopata shambulio la moyo, kiharusi, moyo kusimama au kifo cha moyo walikuwa asilimia 11.4 kwa wenye sibutramini, na asilimia 10 kwa wenye kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani.

Kilo zilipungua na mioyo ikaumia. Mizani peke yake haikuweza kuonyesha hilo.

Na kwa nini nasema inazunguka mitaani? Kwa sababu FDA ya Marekani, pamoja na mamlaka za dawa za nchi nyingine, zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya chai na vidonge vinavyouzwa kama "mitishamba ya kukata tumbo". Pakiti haiandiki sibutramini. Ukiona chai ya kupunguza mwili inayofanya kazi haraka mno, moyo ukakuenda mbio na usingizi ukakuruka, jiulize kuna nini ndani.

Iliyofaulu kwa kiasi

Ili niwe mkweli, ipo iliyopita mtihani. Bupropioni ni dawa ya sonona inayogusa dopamini na noradrenalini zaidi kuliko serotonini. Ikiunganishwa na naltreksoni, dawa inayotumika kwa watu wanaoacha pombe au afyuni, hupunguza njaa na ule mvuto wa kula bila njaa. Mchanganyiko huo uliruhusiwa Marekani mwaka 2014 na Ulaya mwaka 2015 kwa ajili ya unene.

Jaribio lake kwa wenye kisukari cha aina ya pili lilikuwa na watu 505, kwa wiki 56. Wenye dawa walipungua asilimia 5 ya uzito wao, wenzao asilimia 1.8. Kwa mtu wa kilo 91 hiyo ni kama kilo 4 na nusu dhidi ya kilo 1 na nusu. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa 0.6 dhidi ya 0.1. Si haba. Lakini zaidi ya watu 40 katika kila 100 walipata kichefuchefu. Dawa hiyo inaweza pia kupandisha shinikizo la damu na kuleta degedege kwa walio katika hatari hiyo. Haitolewi kwa mtu ambaye shinikizo lake halijadhibitiwa, na unajua ni wangapi wenye kisukari wana presha pia.

Kidonge kidogo cha usiku

Hapa ndipo simu ya mama mkubwa ilipogeuka. Nilipompigia tena nilimwomba anisomee na kile kidonge chake "cha miguu". Ilikuwa amitriptilini.

Hakuwa anajua kwamba ni dawa ya sonona, na sio yeye peke yake. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni: ganzi, kuchomwachomwa, kuwaka moto usiku. Amitriptilini kwa dozi ndogo hutuliza maumivu hayo, ni ya bei nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuitoa kwa ajili ya miguu ni tiba halali kabisa, na ilikuwa imemsaidia kulala.

Nikamuuliza: "Mama mkubwa, huo mwili uliongezeka lini?"

Akafikiri. "Mwaka juzi hivi. Zamani nilikuwa na themanini na kitu."

"Na kidonge cha miguu ulianza lini?"

Akanyamaza. Kisha: "Kumbe."

Siwezi kuapa kwamba kilo zile zote zililetwa na amitriptilini. Glibenklamidi nayo huongeza uzito kidogo, na duka lina viti vingi kuliko ngazi. Lakini hapa palikuwa na mtu aliyetaka kumeza dawa moja ya sonona ili apunguze uzito ambao huenda ulisukumwa na dawa nyingine ya sonona, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwa nini mchanganyiko ule ungekuwa hatari

Angevimeza vile vidonge kumi, mambo mawili yangeweza kutokea.

La kwanza ni sukari kushuka. Glibenklamidi huibana kongosho itoe insulini, hata kama hujala vya kutosha. Sasa leta dawa inayokata hamu ya kula: sahani imekuwa nusu, insulini ni ile ile. Zaidi ya hapo, fluoksetini inaweza kulizuia ini lisivunje glibenklamidi kwa kasi ya kawaida, na yenyewe huufanya mwili uisikie insulini zaidi. Vyote vitatu vinavuta sukari chini. Dalili ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Na kwetu, mtu akianza kuweweseka saa nane usiku, majirani hawaanzi na kipimo cha sukari. Wengine watasema malaria, wengine watasema amechezewa, na muda utakuwa unakwenda.

La pili ni amitriptilini kupanda. Ini linavunja amitriptilini kwa kimeng'enya ambacho fluoksetini inakizuia vikali. Dozi ndogo ya usiku inakuwa kama dozi kubwa: usingizi mzito, mdomo kukauka, kuchanganyikiwa, na kwa wengine mapigo ya moyo kuvurugika. Dawa hizo mbili pia zinaweza kwa pamoja kuifikisha serotonini mahali pabaya, mtu akapata homa, kutetemeka na misuli kukakamaa.

Na usifikiri ukiacha leo kesho imetoka. Fluoksetini na mabaki yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana daktari anayeijua hubadilisha dawa kwa kupanga tarehe.

Niongeze na hili kwa mabinti wanaoitafuta kwa ajili ya umbo tu: kwa vijana wa chini ya miaka 25, dawa za sonona zina onyo rasmi kuhusu mawazo ya kujidhuru, hasa wiki za mwanzo. Anayezitumia anapaswa kuwa na mtu anayemfuatilia.

Na mwenye sonona kweli je?

Nisieleweke vibaya. Sijaandika haya ili mtu anayetibiwa sonona aende akatupe dawa zake. Watu wenye kisukari wanapata sonona karibu mara mbili ya wasio nacho, na sonona humfanya mtu asahau dawa, asijali chakula, asitoke ndani. Kuitibu ni sehemu ya kutibu kisukari. Ukiacha dawa ghafla unaweza kuugua vibaya.

Nilichojifunza ni kwamba kwa mwenye kisukari na sonona, uchaguzi wa dawa una uzito, kihalisi. Kama mtu tayari ni mnene na anahitaji dawa ya sonona, fluoksetini aliyoandikiwa na daktari, kwa dozi ya sonona, inaweza kuwa chaguo zuri kuliko amitriptilini, mradi dawa zake za sukari zimepitiwa upya na anapima sukari mara kwa mara. Hapo kidonge kinatibu sonona, na uzito hauongezeki juu yake. Hiyo ni faida ya kweli, ingawa haifanani na ile tetesi.

Kwa hiyo ufanye nini?

Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na mitishamba na za jirani, uende nazo kliniki. Usiseme "nameza za sukari". Zimwage mezani.

Uliza kila kidonge: kinatibu nini, na kinafanya nini kwenye uzito? Ukianza dawa mpya, andika kilo zako siku hiyo, upime tena baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu. Mizani ikipanda, sema. Kwa maumivu ya miguu zipo njia nyingine, na dozi inaweza kupunguzwa.

Uzito wenyewe unastahili kupiganiwa. Mwaka 2017 jaribio la DiRECT la Uingereza liliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili chakula kilichopimwa sana, chini ya uangalizi, wakiachishwa dawa za sukari na presha kwa mpango. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Hao walikuwa wamekaa na kisukari miaka isiyozidi sita na hawakuwa kwenye insulini, kwa hiyo si kila mtu. Usijaribu kufunga kula namna hiyo ukiwa na glibenklamidi nyumbani, kwa sababu ile ile niliyoeleza. Lakini hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito ikipungua, sukari na presha huwa rahisi zaidi kudhibiti. Tonge likipungua, maharage na mboga vikaongezeka, soda ikabaki dukani, na safari ya sokoni ikawa ya miguu, hiyo ndiyo dozi ambayo haigombani na kidonge chochote, mradi kliniki wajue unakula kidogo kuliko zamani.

Mama mkubwa alikwenda kliniki na mfuko wake. Daktari alimpunguzia amitriptilini taratibu na kumbadilishia dawa moja ya sukari. Kisha akamuuliza maswali ambayo hakuyategemea: unalala vipi, vitu ulivyovipenda bado unavipenda, unajiona huna thamani? Mama mkubwa aliniambia kwamba hapo alilia. Tangu baba mkubwa afariki hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Amepangiwa kurudi kuzungumza zaidi, na kama itaonekana anahitaji dawa ya sonona ataandikiwa yake, kwa dozi yake.

Vile vidonge kumi alivirudisha kwa jirani, akamwambia na yeye aende na mfuko wake. Miezi minne baadaye mizani inasoma kilo 88. Miguu bado inawaka usiku mmoja mmoja. Chai ni kijiko kimoja.